Ncha ya Sindano

Barua ya rufaa kutoka Ogembo huwa fupi. Hospitali ya Gucha imepiga altrasaundi ya tumbo, Kisii wakaongeza picha ya CT, na pande zote mbili zimekubaliana kwamba kichwa cha kongosho kina uvimbe. Ni uvimbe wa nini, barua haisemi. Saratani ndiyo ya kwanza kushukiwa. Lakini kifua kikuu nacho hujificha tumboni, limfoma huota huko, na wapo watu ambao kinga ya miili yao hulishambulia kongosho mpaka likavimba. Kwenye picha, yote hayo huweza kuonekana kama doa lilelile. Tiba zake zinapishana vibaya: steroidi zinazotuliza kongosho lililoshambuliwa na kinga zinaweza kukipa nguvu kifua kikuu, na dawa za saratani hazitolewi kwa kukisia. Lazima nyama yenyewe ipatikane.

Taabu iko kwenye makazi ya kongosho. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, limeegemea upande wa uti wa mgongo, na mishipa mikubwa ya damu imelipitia juu, nyuma na kandokando. Kutokea nje, kwenye ngozi ya tumbo, safari ya sindano ni ndefu na ina vikwazo vingi. Kutokea ndani, ukiwa umeshuka na endoskopu hadi mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba, ni ukuta wa milimita chache tu unaokutenganisha nalo.

Barabara ya kwenda Nairobi kutoka Ogembo hupita Kisii, Sotik, Bomet na Narok, zaidi ya kilomita 300. Pale Bomet iko Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ambayo kwa miongo mingi imepokea wagonjwa wa saratani ya umio kutoka magharibi mwa Kenya. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa wake 109 ambao walikuwa hawajavuka miaka 30. Kwenye umio, kuchukua nyama ni kazi ya macho. Endoskopu inashuka, kidonda kinaonekana, koleo dogo linang'ata. Kongosho halimpi mtu nafasi hiyo. Linataka endoskopu yenye altrasaundi kwenye ncha yake, sindano inayopita katikati ya endoskopu hiyo, na mtu aliyeishi na vyombo hivyo viwili muda wa kutosha. Huduma hiyo iko Nairobi, katika hospitali chache. Katika mojawapo niliruhusiwa kusimama pembeni, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, mzee mmoja wa pande za Ogembo. Daktari naye alinipa sharti moja: nikiandika, majina yawe ya sindano, lake liachwe.

Kabla ya mgonjwa kuingizwa alinionyesha kisanduku cha sindano za kufundishia, zilizopitwa na tarehe. Mwili wa sindano hizi ni ule ule. Ni bomba la chuma linalopinda, refu kiasi cha kupenya endoskopu nzima na kutokeza mbele, limevishwa ala ya plastiki, na ndani yake mna waya nyembamba inayoziba tundu ili njiani lisijae nyama ya mahali pasipotakiwa. Kwenye mpini kuna vipimo vya sentimita na kizuizi chenye skrubu, maana sindano ikiachiwa inaweza kutoka hadi sentimita 8, na sentimita 8 ndani ya tumbo la mtu ni mbali sana. Unene hutajwa kwa geji, na namba inavyopanda ndivyo chuma kinavyokonda: geji 19 ina kipenyo cha nje cha milimita moja hivi, geji 22 milimita 0.7, geji 25 nusu milimita.

Tofauti yote iko kwenye ncha. Alinipa lenzi ya kukuzia na kuzipanga sindano kwenye kitambaa cha kijani, za zamani kwanza.

Ya kwanza ina ncha ya mshazari, kama sindano yoyote ya kudunga. Hiyo ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 1992 Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walichapisha habari ya kuchoma kongosho kwa sindano huku altrasaundi ya ndani ikiwaonyesha inakokwenda, hatua kwa hatua, na fani nzima ikaanzia hapo. Sindano ya mshazari huvuta seli. Seli zinatoka zimetawanyika, moja hapa, kundi kule, zimeogelea kwenye damu. Msomaji mzuri wa hadubini anaweza kuitambua saratani kwa seli hizo tu. Asichoweza kuona ni zilivyokuwa zimepangana kabla ya kung'olewa, na kwa limfoma, au kwa kongosho lililoshambuliwa na kinga, mpangilio ndio wenye habari.

Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta sindano ya kukata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuja moja ya geji 19 yenye springi: inafyatuka, kikato kinafunika kidaka cha milimita 18, nyama inabaki ndani. Kwenye mfuko wa chakula, endoskopu ikiwa imenyooka, ilifanya kazi. Kwenye utumbo mwembamba, endoskopu ikiwa imejikunja, chuma kile kigumu kiligoma na springi ikakwama. Daktari aliigusa kwa kidole kisha akaisogeza kando. Nadhani ni haki kusema kwamba waliotengeneza sindano ile waliijua nyama vizuri, ila njia ya kuifikia hawakuipa uzito wake.

Ya tatu ni ProCore, iliyoenea kuanzia miaka ya 2010 na 2011. Karibu na ncha ina dirisha ubavuni, na ukingo wa dirisha hilo umenolewa kuelekea nyuma. Sindano ikiingia, inapita. Ikirudishwa, ukingo unakwangua na kukata. Ni wazo la kupendeza, kwa sababu linautumia mwendo ambao mkono ungeufanya vyovyote vile.

Kisha zipo mbili ambazo leo ndizo zinazoshindanishwa. SharkCore ina meno mawili yanayotazamana, moja refu kuliko jingine, na makali yake yamegawanyika pande kadhaa. Acquire ina meno matatu yaliyolingana, yamezunguka mdomo wote wa bomba. Umbo hilo ni la zamani kuliko endoskopu ya altrasaundi, maana Mmarekani C. C. Franseen alilieleza mwaka 1941 kwa sindano za kuchomea kutokea nje. Nililigeuza bomba lile chini ya lenzi nikaelewa kwa nini limerudi. Mtoto wa Kisii akichoma mrija wa soda kwenye ndizi mbivu na kuuchomoa, kipande kizima cha ndizi hubaki ndani. Mdomo wenye meno matatu hufanya hivyo kwa nyama isiyo laini kama ndizi: meno yanaishika mahali patatu kwa pamoja, haipati upande wa kukimbilia, na bomba linaendelea kuimeza.

"Na kati ya hizi mbili?" nikauliza.

"Waliuliza wengi kabla yako," akasema.

Huko Orlando, Marekani, wagonjwa 50 walichomwa kwa sindano zote mbili, geji 22 kwa geji 22, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana. Zote zilifanya vizuri mno. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi, uliotoka mwaka 2022, uliziweka hizo mbili juu ya ile ya dirisha la ubavuni na juu ya ile ya mshazari. Jaribio ninaloliona kubwa zaidi kwetu ni lile lililoongozwa na Waitaliano na kuchapishwa mwaka 2021, wagonjwa 771. Nusu yao walikuwa na mtaalamu wa seli chumbani anayekagua kila mchomo papo hapo. Nusu nyingine hawakuwa naye. Kwa sindano hizi mpya za kukata, majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.4 upande mmoja na 97.4 upande wa pili, na waliotangulia kwa nukta hiyo moja ndio wale wasiokuwa na mtaalamu. Katika nchi ambayo daktari wa patholojia anagawanywa baina ya hospitali nyingi, kujua kwamba ncha nzuri inaweza kumwondolea kazi ya kukaa karibu na kitanda si jambo dogo. Kwa upande mwingine, sindano hizi hutumika mara moja na kutupwa, zinatoka ng'ambo, na bei ya moja huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Hakuna anayefungua ya pili kwa kujaribu tu.

Mzee aliingizwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa hajala tangu usiku, damu yake ilikuwa imeshapimwa inavyoganda, na meno yake mawili ya bandia yalikuwa kwenye kikopo. Muuguzi, mzaliwa wa Nyamira, akamwinamia. "Bwakire buya, tata." Mzee akafumbua macho, akajibu kwa Kigusii, na kuanzia hapo maelekezo yote akapewa kwa lugha ya nyumbani: lala ubavu wa kushoto, kunja magoti, uma hiki kiplastiki, pumua kwa pua. Daktari wa usingizi akaingiza propofoli kwenye mshipa huku akitazama kiwango cha oksijeni. Chumba kikatulia.

Endoskopu ya altrasaundi ni nene kuliko ya kawaida na haioni mbele sawasawa. Jicho lake limeelekezwa kwa mshazari. Kwa hiyo kuiteremsha kwenye koo ni kazi ya vidole zaidi ya macho. Daktari aliipitisha bila kusukuma. Alilisubiri koo limeze, akalifuata. Ndani ya mfuko wa chakula akavuta hewa yote itoke, kwa kuwa hewa ni adui wa altrasaundi, kisha akagusisha ncha kwenye ukuta. Kioo cha pili kikajaa vivuli vya kijivu.

Hapo nilipotea kabisa, na yeye hapo ndipo alipokuwa nyumbani. Aliitafuta aota, bomba jeusi linalopiga. Akashuka nayo hadi mshipa wa kwanza unaochipuka mbele yake. Kutoka hapo akageuza kifundo cha mkono kidogo sana, akaupata mshipa wa wengu, na kuufuata huo hadi akaliona kongosho limelala juu yake. Kiwiliwili na mkia vilikuwa safi. Akaenda mbele, akapita mlango wa chini wa mfuko wa chakula, na kuingia kwenye kona ya utumbo mwembamba, mahali ambapo endoskopu hujikunja na kutaka kuteleza kurudi ilikotoka. Akaishikilia kwa nyonga, mpini ukiwa umeegemea fupanyonga lake, mikono yote miwili ibaki huru. Uvimbe ukajitokeza: mweusi kuliko nyama inayouzunguka, kingo zimechakaa, umekaa karibu na mshipa mkubwa unaoelekea ini. Akaupima. Akawasha rangi zinazoonyesha mwendo wa damu, na mishipa midogo miwili ikawaka katika njia aliyokuwa ameiwazia. Akazima, akasogea kiasi cha upana wa ukucha, akawasha tena. Njia ilikuwa nyeusi. Alikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akitazama tu.

"Ishirini na mbili, Sista. Ya meno matatu."

Geji 25 ingepinda kwa urahisi zaidi kwenye kona ile, lakini ingeleta nyama kidogo. Geji 19 ingeleta nyama nyingi, kama ingekubali kupinda. Uamuzi huo ulichukua sekunde moja, na sina shaka ulikuwa umeandaliwa kwa miaka. Muuguzi akafungua pakiti, sindano ikapita kwenye mfereji wa endoskopu, skrubu ikakaza mpini. Daktari akarekebisha ala mpaka ukingo wake ukaonekana kwa shida kwenye picha. Akapima umbali hadi ukuta wa mbali wa uvimbe na kufunga kizuizi hapo, pungufu kidogo. Chochote ambacho mkono ungefanya, chuma kisingevuka.

Kwa Wagusii kizuizi cha namna hiyo kina historia. Omobari, mpasuaji wa vichwa wa kienyeji, alikuwa akifungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeteswa na maumivu baada ya kupigwa, kisha akikwangua fupa la fuvu kidogo kidogo, na umahiri wake wote ulipimwa kwa kuiacha salama ngozi nyembamba inayofunika ubongo. Daktari Edward Margetts, aliyewahi kufanya kazi Hospitali ya Mathari, aliandika sura nzima kuhusu upasuaji wa namna hiyo katika kitabu cha mwaka 1967, na madaktari wengine wa hospitali walikuja kuwaona wagonjwa walioishi miaka mingi baada ya kufanyiwa kazi hiyo. Sitaki kuzichanganya fani mbili ambazo hazina undugu. Natamani tu wanaotaja upasuaji wa Wagusii kama kioja wangemtazama omobari kama fundi aliyejua kipimo cha kina.

Mchomo wenyewe ulikuwa mfupi. Msukumo mmoja, mkavu, na mstari mweupe ukaonekana ukipasua kivuli hadi katikati ya uvimbe. Kisha ikaanza kazi ambayo ndiyo niliyoifuata.

"Waya, Sista. Polepole."

Muuguzi akaanza kuivuta waya ya ndani, sentimita baada ya sentimita, mwendo ambao haukubadilika. Waya inapotoka kwa upole huacha nyuma yake mvuto mdogo, unaotosha kuilaza nyama ndani ya bomba bila kuifyonza damu. Wengine hutumia bomba la kuvuta la mililita 10; yeye hulihifadhi kwa uvimbe mgumu usiotaka kutoa chochote. Wakati waya ikivutwa, daktari alikuwa akiipeleka sindano mbele na kuirudisha, mara nne. Halafu kidole gumba kikagusa gurudumu la endoskopu, ncha ikainuka kidogo, mara nne tena. Juu zaidi, mara nne. Chini ya pale alipoanzia, mara nne. Kwa mchomo mmoja alikuwa ameutembelea uvimbe ukingo hadi ukingo, kwa sababu kitovu cha saratani mara nyingi kimeshakufa, na nyama iliyokufa haitoi ushahidi. Katika muda huo wote mstari mweupe haukutoka kwenye kioo hata mara moja. Ukitoweka, alinieleza baadaye, mkono unasimama. Sindano usiyoiona haisogezwi.

Alirudia mara tatu, na kila mara aliirudisha sindano kwenye ala kabla ya kuitoa, akaingoja damu ndogo kwenye ukuta ikome.

Mezani, muuguzi alikuwa ametandaza karatasi ya kuchujia. Akairudisha waya kwenye tundu na kuisukuma kwa mwendo ule ule aliouvutia. Kwanza likatoka tone jeusi la damu. Halafu, kutoka kwenye mdomo wa meno matatu, kikachungulia kitu cheupe kinachoelekea njano, kikatambaa juu ya karatasi, kikajilaza. Akakinyoosha kwa ncha ya sindano nyingine na kuweka rula. Wapo watafiti wa Kijapani walioonyesha kwamba kipande cheupe cha kuanzia milimita 4 ni dalili njema kuwa nyama inatosha. Hiki kilipita hapo mara mbili na zaidi. Damu iliyoganda nayo hujifanya nyama, na mtu mwenye haraka huridhika nayo. Muuguzi aliigeuza, akaibonyeza, ikasambaratika, akaiacha kando. Cheupe kikabaki kizima. Vipande vyote vikaingia kwenye chupa ya fomalini, jina likaandikwa, likasomwa kwa sauti, likasomwa tena na mtu wa pili.

Mzee aliamka akiuliza kama kazi imeanza.

Maabara haina haraka hata kidogo. Nyama hukaa kwenye fomalini mpaka ikaze, hupitishwa kwenye alkoholi zinazozidi kuwa kali ili maji yatoke, halafu kwenye zailini, halafu kwenye nta ya moto. Fundi wa maabara aliyeikata nilimkuta akipuliza ubao wa barafu aliolazia bloku ya nta. Kisu cha mashine yake hukata vipande vya unene wa maikroni nne, na nyuzi hizi zilizotoka kwenye sindano humpa shida ya pekee: zikiwa zimelala vibaya ndani ya nta, anaweza kuzimaliza zote kabla ya kupata kipande kimoja kinachosomeka. Aliigeuza bloku mara mbili, akakata vipande vya juu vya kusawazisha kwa uangalifu wa mtu anayetumia mali ya mwenzake, akasimama, akakagua. Ndipo akakata utepe wa kweli, akauelesha juu ya maji ya uvuguvugu, akauokota kwa kioo. Hematoksilini iligeuza viini vya seli kuwa vya buluu, eosini ikayapa yaliyobaki rangi ya waridi.

Daktari wa patholojia alinipisha kwenye hadubini. Niliona nyama iliyoungana, ukanda mrefu usiokatika, ukiwa na makundi ya seli yaliyokaa pale pale yalipokuwa ndani ya mwili wa mzee. Yeye aliona swali. Makundi mawili matatu yalimfanya arudi nyuma na kutazama tena, na kwenye fomu akaandika rangi mbili za ziada: ya Ziehl-Neelsen, inayowatafuta bakteria wa kifua kikuu, na moja ya kuhesabu seli za IgG4, zinazoashiria kongosho lililoshambuliwa na kinga. Fundi aliitoa bloku kwenye droo, akaiinua kwenye mwanga kuona kilichobaki. Nyama ilikuwa imejaa bado. Akairudisha kwenye barafu na kuanza kukata, na hakuna aliyelazimika kumpigia simu mzee, ambaye wakati huo alishafika Ogembo, kumwomba apande gari arudi.